Tupeane uzoefu: baada ya korona nini kilikusukuma utoke nje ya nchi, au nini kilikurudisha nyuma?

Mwisho wa Reli

Wakuu habari za jioni, watu wa Kigoma na Tabora hasa, na wengine wote karibuni. Wakati naandika hapa nina pasipoti yangu mkononi. Niliichukua mwezi wa kumi 2019, laki na hamsini taslimu, jalada bado linang'aa na ndani hamna muhuri hata mmoja, kurasa tupu kama daftari la mtoto aliyefukuzwa shule siku ya kwanza.

Mpango ulikuwa China. Mimi na mshkaji wangu wa Mwanga tulikuwa tunachukua kava za simu na chaja Kariakoo, tukasema hawa tunaonunua kwao na wao si wanazifuata Guangzhou, kwani wana miguu minne? Tukaanza kuchanga. Januari 2020 tunaulizia mambo ya viza tunasikia Wuhan imefungwa, tukadhani ni jambo la mwezi mmoja. Machi 11 WHO wakatangaza ni janga la dunia, tarehe 16 mgonjwa wa kwanza wa kwetu akapatikana Arusha, na ile hela ya safari tukaanza kuila kidogo kidogo, leo unga kesho kodi ya fremu, mwaka unaisha tumebaki na pasipoti mbili. Mwenzangu sa hivi anafuga kuku wa mayai na ukimtajia China anakuuliza bei ya pumba.

Sasa mama yangu mdogo yuko Kalemie kule Kongo na anaoza binti yake mwezi ujao. Kanipigia mwenyewe, ananiambia mwanangu usipokuja nitajua dada yangu alizikwa na undugu wake. Ni hapo ng'ambo ya ziwa tu, ukisimama Bangwe jioni hamna ukungu milima yao unaiona. Na bado nasita. Korona yenyewe siiogopi, WHO walishatangaza Mei 2023 kwamba ile dharura imeisha. Kinachonikaba ni lile swali moja, je wakifunga tena nikiwa upande ule? Nilishaona watu walivyokwama kipindi kile.

Kwaio naomba wenye yaliyowakuta wenyewe waseme, mlitoka au mliacha, na kwa nini. Ya kusikia kwa shemeji wa jirani yawekeni pembeni kidogo.

Jirani wa Gungu

Kaka Kalemie nayo ni nje ya nchi?? Mi nikajua unaenda Ulaya. Watu tunavuka kufata vitenge kama tunaenda sokoni we unafungua mjadala.

Mwisho wa Reli

Nje ni nje. Simu ikikukaribisha kwa Kifaransa ujue ushatoka.

Mama Chumvi

Mwanangu usimsikilize huyo wa Gungu, uliza ujibiwe.

Mimi natoa chumvi Uvinza napeleka Burundi kwa kupitia Manyovu, kazi hii naifanya tangu huyu mwanangu wa pili yuko mgongoni na sasa ana mke. Kabla ya korona nilikuwa naenda mwenyewe kila baada ya wiki mbili, nalala kwa mama mmoja Bujumbura tumeshakuwa ndugu, naamka nahesabu mifuko yangu mbele ya mteja, napokea changu narudi. Sasa Januari 2021 Burundi wakafunga mipaka, ya nchi kavu na ya majini. Malori ya mizigo yanapita, dereva anapita, mwenye mali hapiti. Yani chumvi yangu ina ruhusa ya kusafiri kuliko mimi.

Nikasema basi tufanye kwa simu. Mzigo wa kwanza ukaenda vizuri hela ikaja. Mzigo wa pili mteja ananipigia kwa sauti ya msiba, mama njiani mvua imenyesha mifuko kumi na nane imeloa, chumvi imeyeyuka imebaki kama uji. Nikamwambia nitumie picha. Akatuma. Nikaikalia ile picha usiku mzima naivuta inakuwa kubwa, mjukuu wangu ndo kanifundisha kuvuta kwa vidole viwili, mpaka nikaona mdomo wa mfuko mmoja pale pembeni. Umeshonwa uzi wa bluu. Mimi mifuko yangu yote nashona uzi mwekundu, tangu naanza biashara, hata watoto wa pale mashineni wanajua huu wa mama uzi mwekundu. Yani kaenda kutafuta mifuko ya mtu mwingine iliyoloa akaipiga picha akanitumia mimi.

Nifanye nini sasa? Niende wapi? Mpaka umefungwa. Nikalia nikanyamaza.

Walipofungua mwaka huohuo sikungoja hata wiki. Watu wananiambia mama subiri kwanza, kule hali haijatulia, mara vipimo. Ni kweli walikuwa wanapima, kijiti puani kwenda na kijiti puani kurudi na vyote unalipa, safari ile ya kwanza faida yote iliishia puani. Lakini nilienda nikamkuta yule mtu dukani kwake nikamwekea uzi mwekundu mezani. Sikusema neno. Nusu ya hela yangu alinipa siku ileile, nusu namdai hadi kesho.

Kwaio mimi korona iliniongezea safari, haikunipunguzia. Sa hivi naenda kila wiki.

Jirani wa Gungu

Mama shikamoo. Huo uzi mezani umenimaliza kabisa.

Mjukuu wa Ujiji

Naleta ya bibi yangu, najua mwenye mada kasema yaliyotukuta wenyewe ila mimi ndo niliyekuwa nambebea sanduku kwaio yalinikuta.

Bibi yetu wa Ujiji alianza kuweka hela ya Hija babu alipofariki. Alikuwa anauza mawese, kila dumu anatoa chake anaweka. Kufika mwisho wa 2019 ikatimia, akanunua na nguo nyeupe akazikunja sandukuni na udi. 2020 Saudia hawakupokea mtu wa kutoka nje. 2021 tena wakachukua waliopo nchini kwao tu, elfu sitini. Bibi anatoa nguo anazianika zisipate ukungu anazirudisha. Kila baada ya mvua utaona kamba yote nyeupe, majirani wakawa wanauliza hapa kuna msiba?

2022 wakatangaza watapokea watu milioni moja, na wa nje wamo. Furaha nyumba nzima. Afu tukasoma vizuri, wanataka uwe umechanja, uwe na majibu ya kipimo cha korona cha PCR ya ndani ya saa 72, na umri usifike 65. Bibi kitambulisho chake kinasema 67. Na huo mwaka wa kuzaliwa yeye mwenyewe haujui! Aliandikiwa na karani siku ya kujiandikisha, karani alimtazama usoni akakisia. Bibi akaniuliza hivi, "Yule kijana aliyenikadiria umri yuko wapi, nimfuate anipunguzie miaka mitatu?"

Kuhusu chanjo, hapa Ujiji maneno yalikuwa mengi mnakumbuka. Baba zangu wadogo walikuwa wanamletea sauti za WhatsApp, huyu anasema utakufa baada ya miaka miwili, huyu anasema utaota sumaku mkononi. Bibi akazisikiliza zote kwa adabu. Zile dozi za Johnson zilipofika huku 2021 akaniambia nisindikize sokoni, tukapita kituo cha afya akachoma, tukanunua na bamia kweli, tukarudi. Hakumwambia mtu hadi walipouliza cheti. Walipomjia juu akawajibu nyie mtanifikisha Makka na simu zenu?

2023 umri ukaondolewa. Akaenda. Tulimpandisha treni hapa stesheni, siku mbili njiani hadi Dar na mimi pembeni yake, anakula mihogo ya kuchemsha anasema ndege nasikia inafika haraka sana hata hujajiandaa. Akachoma na ile ya uti wa mgongo wanayoidai kwa mahujaji. Tulipokuwa tunaagana nikamuuliza bibi huogopi, mamilioni ya watu na magonjwa haya? Akasema mimi na hiyo korona yenu nani mwenye haraka zaidi?

Karudi salama na maji ya zamzam na tende. Kitu pekee anachosimulia kilimtisha ni zile ngazi zinazotembea zenyewe uwanja wa ndege. Anasema alisimama pale chini akasoma dua yote anayoijua.

Sista Zamu

Bibi wa Ujiji mpe salamu zangu 😂

Mimi ni muuguzi, nimekaa dawati la chanjo za wasafiri muda mrefu, kituo sitaji. Nataka niwaambie kitu nilichokiona. Kabla ya 2020 watu walikuwa wanakuja kuulizia kadi ya njano tu, ile ya homa ya manjano, anataka mhuri aondoke hata sindano angependa uiruke. Baada ya korona watu wakaanza kuuliza maswali. Hii inazuia nini, inakaa muda gani, kule niendako kuna ugonjwa gani. Wengine waliuliza hadi wakaogopa wakaghairi safari pale pale dawatini. Ila kila aliyeghairi nikimdodosa nakuta ugonjwa ndo kisingizio cha heshima, kwa chini kuna hela haijatosha au mume hajaridhia.

Na wewe mwenye mada unaenda Kongo, ile kadi ya njano ni lazima, wataiulizia kabla hata ya pasipoti. Ichome mapema kwa sababu inahesabika baada ya siku kumi tangu uchome. Kama unayo ya zamani usikubali mtu akuambie imeisha muda. Tangu Julai 2016 kadi ya homa ya manjano ni ya maisha, hata kama imeandikwa miaka kumi.

Kijana wa Buhigwe

Dada sista hapo kwenye kadi umegusa donda. Mi kuna jamaa upande fulani wa maji aliniambia kadi yangu ya 2011 imekufa nilipie nyingine, nikalipa kama mjinga. Kumbe.

Ila mimi kilichonirudisha nyuma ni kingine. 2022 dili za Qatar zilikuwa nyingi, kombe la dunia linaanza Novemba wanatafuta walinzi na watu wa usafi, na baada ya korona huku vibarua vilikuwa vimekauka mno, nilikuwa nimekaa nyumbani mwaka na nusu. Nikasema naenda. Kutafuta pasipoti sasa. We ukiwa unatoka wilaya ya mpakani na jina lako lina harufu ya ng'ambo jiandae. Nikaulizwa baba kazaliwa wapi, nikajibu. Mama. Nikajibu. Babu mzaa baba. Bibi mzaa mama. Bibi mzaa mama jamani! Alikufa mimi sijazaliwa, cheti cha kuzaliwa angekipata wapi kijijini kule enzi zile? Nikarudi kijijini nikatafuta mzee wa kunithibitishia, mzee yuko shamba, mwenyekiti kasafiri, barua ina mhuri lakini mhuri haujasomeka, rudi tena. Ofisi siitaji na wengine pale walinisaidia kwa moyo kabisa, ila pasipoti ninaishika Messi ameshabeba kombe wiki tatu zilizopita.

Na wakala aliyeniahidi ile kazi simu haipatikani hadi leo, pamoja na hela yangu ya fomu.

Kwaio ukiniuliza kama naogopa ugonjwa nitakucheka. Bibi mzaa mama ndo kanikwamisha, Mungu amrehemu.

Mwisho wa Reli

Pole ndugu yangu, hiyo ya maswali tunaijua wengi hapa. Mi mwenyewe 2019 niliulizwa "unajua Kirundi?" nikamjibu najua Kiha, akasema si ndo hicho hicho.

Dk. Usingizi

Ngoja na mimi niseme maana mada imeanzia China.

Nilikuwa nasoma udaktari kule, mwaka wa tatu. Januari 2020 likizo yao ya mwaka mpya nikasema nije kumuona mama Kasulu wiki nne nirudi. Nikaja na begi dogo la mgongoni, nguo tatu na zawadi. Zile wiki nne zikawa miaka miwili na miezi tisa.

Chuo wakahamishia masomo mtandaoni. Sasa China wako mbele yetu saa tano. Kipindi cha saa mbili asubuhi kule, huku ni saa tisa usiku. Piga picha. Saa nane na nusu naamka, mtandao nyumbani haushiki vizuri, natoka na blanketi na kigoda napanda pale juu karibu na kanisa ambako unashika, nakaa chini ya mwarobaini nasikiliza profesa anaeleza mishipa ya fahamu ya mkono. Mbwa wa mlinzi walinizoea wakawa wanakuja kulala miguuni. Mlinzi mwenyewe naye akawa anasikiliza, siku moja nimechelewa kaniuliza, "Daktari leo hatuna kipindi?" Hatuna! Bando la mwezi lilikuwa linamaliza hela ya mboga ya nyumba nzima, mama hakuwahi kulalamika hata siku moja ila nilikuwa naona anachotoa sokoni.

Tatizo ni kwamba mwili wa mtu hausomwi kwenye simu. Wenzangu Wachina wako maabara wanapasua, mimi naangalia video. Nilifaulu mitihani lakini nilikuwa najua moyoni sijawahi kushika.

Agosti 2022 ndo wakaanza tena kuruhusu wanafunzi kwa viza. Hapo ndo utamu wa swali lako kaka. Wenzangu wa kundi letu, nusu walikataa kurudi. Mmoja alishaoa. Mmoja yuko bodaboda anapata hela yake anasema miaka ishafika mitatu naenda kuanza wapi. Dada mmoja baba yake aliyekuwa analipa ada alifariki 2021. Nauli nayo ilikuwa haishikiki, kiti kimoja cha kwenda bila kurudi kilikula ng'ombe wa mjomba wawili. Na ukifika kuna karantini siku saba hotelini unajilipia, afu siku tatu nyingine.

Nilienda Oktoba. Kwa nini? Sitadanganya hapa eti nilikuwa shujaa. Ni yule mlinzi. Nilimwambia nafikiria kuacha akashangaa kweli kweli akasema sasa mimi nilikuwa nakesha na nani? Nikaona aibu nikakata tiketi.

Zile siku kumi za karantini nililala. Chakula kinawekwa mlangoni kwenye stuli, wanagonga wanakimbia, na mavazi yao meupe mwili mzima. Nilikuwa nafungua mlango naona mgongo tu wa mtu anaishia kwenye kona ya korido. Kilichouma ni Januari 8, 2023, miezi mitatu haijafika, wakafuta karantini yote, watu wanaingia wanatembea tu kama wanaingia Kigoma mjini. Nilipiga hesabu ya hela ile hoteli nikaacha kabla sijamaliza.

Sa hivi nimemaliza nipo intanshipu. Mlinzi nilimpigia siku ya matokeo.

Jirani wa Gungu

Huyo mlinzi apewe cheti cha nusu daktari.

Mnyamwezi wa Isevya

Tabora tunaingia. Yangu si ya kuchekesha sana mnisamehe.

Dada yetu mkubwa yuko Uingereza miaka mingi, nesi kwenye nyumba ya wazee. Baba aliugua mwanzoni mwa 2021. Januari ileile Uingereza walishaiweka Tanzania kwenye orodha nyekundu. Kuja anaweza kuja, kazi ni kurudi. Tangu katikati ya Februari ukirudi kutoka nchi ya orodha hiyo unafungiwa hoteli siku kumi na bili ni yako, pauni 1,750. Dada akipiga hesabu ya nauli, hoteli, na siku za kazi atakazokatwa, anakuta ni hela ya kumtibu baba. Akatuma hela ya matibabu. Baba akafariki mwezi wa tatu.

Tulizika yeye yuko kwenye simu. Nilikuwa nimeishika mimi, nimesimama kwenye ule mchanga uliochimbuliwa, mkono unanitetemeka na jua la Tabora mnalijua, kioo kinang'aa hata simuoni ila nasikia anapumua. Wakati wa kutupa udongo akaniambia nitupie na mimi. Nikatupa mara mbili. Mtandao ukakatika wanashindilia kaburi, uliporudi tulishaanza kutawanyika, akauliza mmemaliza? Basi.

Walitutoa kwenye orodha Oktoba. Disemba dada akaja. Hakupitia nyumbani, kutoka uwanja wa ndege moja kwa moja makaburini na masanduku kwenye gari. Alikaa pale hadi giza, mama akampelekea chai kule kule kwenye chupa.

Tangu hapo anakuja kila mwaka. Zamani alikuwa anakuja kila miaka minne mitano, anasema anajenga, anasema nauli ghali. Nauli sa hivi ndo ghali zaidi na bado anakuja. Mama naye, mwanamke ambaye Dar tu alikuwa anaisema kama mwezini, 2024 alituambia mnitafutie pasipoti na mimi nikaone mwanangu analala wapi. Ameenda na dumu la asali na karanga za kukaanga kilo tatu. Baridi ilimtoa baada ya wiki tano.

Mama Chumvi

Mwanangu wa Tabora poleni sana. Nimesoma nimetulia kwanza.

Mwisho wa Reli

Pole mno kaka. Hiyo ya kutupa mara mbili...

Kasia

Poleni wafiwa. Mimi napeleka wageni Mahale na Gombe kwa boti kwaio mi naona upande wa wale wanaokuja kwetu. 2020 boti zangu mbili zilikaa juu ya mchanga mpaka mbao zikaachana, anga letu lilifunguliwa tangu Mei mwaka ule lakini kwao ndo kulikuwa kumefungwa, mgeni atatoka vipi. Waliporudi walikuwa wa aina mbili. Kuna wale walioahirisha, alilipia 2020 anakuja 2022 na risiti yake imekunjwa, huyo hata umwambie kuna simba ndani ya boti anapanda. Na kuna mgeni wa maswali. Hospitali ya karibu ina oksijeni? Nikipata homa nitatolewaje? Bima yangu inakubali ziwani? Zamani walikuwa wananiuliza kama kuna mamba.

Barakoa ndo ilinichekesha, watu dunia nzima wanalia kuvaa barakoa, sisi Mahale mgeni anavaa barakoa akiwa kwa sokwe miaka na miaka kabla ya korona, kwa sababu mafua ya mtu yanaua sokwe. Kuna mama wa kizungu kaniambia kwao alikataa barakoa hadi akafukuzwa dukani, ila kwa sokwe kaivaa bila neno.

Sasa ndugu wa Kalemie, ushauri wa nahodha. Boti zinazotoka Kibirizi jioni zinapiga usiku mnafika asubuhi. Usipande iliyojazwa saruji hadi maji yako shavuni eti kwa sababu inaondoka leo. Kipindi hiki upepo wa kusini ni mkali, subiri ya kesho. Na dai laifu jaketi, ivae, usiikalie.

Sista Zamu

Na kadi ya njano.

Mwisho wa Reli

Kadi nimeshachoma jana dada, mkono bado mzito. Leo nimeshinda na hizi habari zenu, nimemsomea mke wangu ile ya uzi mwekundu na ile ya Tabora. Akaniuliza sasa wewe unaogopa kukwama kwa mama yako mdogo? Nikasema ndio. Akasema ukikwama si utakuwa umekwama kwenye harusi?

Mshkaji wangu wa kuku nimempitia kumwambia twende wote na yeye ana pasipoti. Kakataa, ana vifaranga mia mbili wana siku tisa. Lakini kaitoa pasipoti yake kabatini akanionyesha, ameiweka kwenye mfuko wa nailoni na dawa ya mende. Mtu aliyeacha kabisa angeiwekea dawa ya mende kweli?

Jirani wa Gungu

Kitenge cha mke wangu rangi ya kijani, nakutumia hela leo.

Mwisho wa Reli

Nimefika jamani, siku ya tatu leo. Samahani kwa kimya, ngoma hazijaacha. Ziwa lilitulia, jaketi nilivaa, kadi waliulizia kabla ya kitu chochote kama sista alivyosema. Mama mdogo kanishika uso kwa mikono miwili pale bandarini, mbele za watu, anasema una paji la dada yangu.

Pasipoti wameigonga. Yule afisa kaifungua, kafunua kurasa zote tupu moja moja taratibu kama anatafuta kitu, afu muhuri kaenda kuugonga ukurasa wa mwisho kabisa, tena umekaa upande. Jirani kijani kimeisha, kuna cha njano.